Anti, fundi anataka kukata mbao na nyumbani hatujaelewana friji linakaa wapi

Shikamoo anti,

Naomba usinicheke, najua wenzangu wanakuletea mambo mazito ya ndoa mi nakuja na la friji, ila ukisoma mpaka chini utaona na ndoa imo humo humo.

Tunakaa Tabata, nyumba yetu wenyewe, tulihamia ikiwa haijaisha kama wengi tunavyofanya, kwa hiyo jiko lilikuwa na kaunta moja ya zege na sinki basi, vyombo vingine kwenye beseni vingine kwenye stendi ya plastiki. Sasa nimepokea hela ya kikoba na baba watoto kaongezea, tumeshavunja ile kaunta, tailizi zimeanza kupigwa, na fundi wa makabati kashachukua advansi. Jiko letu ni jembamba, urefu mita 3.4 upana mita 2.5. Mlango wa kutoka dining upo katikati ya ukuta mfupi, hauna ubao ni pazia tu, na ukiingia unatazamana na mlango wa uani ambao nao upo katikati upande wa pili, yaani ukisimama dining pazia likipepea unaona nguo zilizoanikwa. Mkono wa kushoto kuna dirisha na sinki chini yake, hilo dirisha linaangalia magharibi, kuanzia saa kumi jua linaingia lote linapiga ukuta wa kulia, zaidi ule upande wa kuelekea uani. Mkono wa kulia ukuta mtupu.

Friji letu ni la kawaida, friza juu friji chini, upana sm 60, kwenda nyuma sm 65. Tangu tuhamie lipo dining. Na mi ndo nimechoka nalo kukaa dining. Nikikaanga kitunguu nikikumbuka nazi au nyanya natoka na mikono yangu ya mafuta napita kwenye pazia naenda kufungua friji narudi, kitunguu kimeshaungua, na watoto kila wakipita wanafungua wanasimama wanaangalia utadhani TV, na usiku linanguruma tukiwa tunaangalia taarifa ya habari.

Fundi anasema liende ukuta wa kulia mwisho kabisa karibu na uani, jiko la gesi liwe pembeni yake, friji aliboksi kwa mbao mpaka juu kwenye dari lisionekane mbavu, na katikati ya friji na jiko aweke kakabati kembamba ka kuficha mtungi wa gesi. Akanionyesha picha kwenye simu, jiko la watu sijui la wapi huko, friji limezama ukutani, kweli linapendeza sijakataa.

Baba watoto anasema libaki dining. Anasema jikoni kuna joto litaua friji, na mgeni akija unampaje maji ya baridi kwa kupishana na masufuria. Halafu anasema mwakani Mungu akijalia atanunua lile kubwa la milango miwili ya kusimama, hilo ndo kabisa anataka lionekane, ananiambia huwezi kununua kitu cha hela yote ile ukakificha jikoni.

Mi mwenyewe nilikuwa nafikiria liwe karibu na mlango wa uani, ila mkono wa kushoto, nikitoka gengeni na mizigo naingilia uani naweka moja kwa moja. Shoga yangu naye kasema weka tu kule kushoto karibu na dining, jua si halifiki.

Fundi anakuja Jumamosi kukata mbao, anasema akishakata kakata. Nisaidie anti kabla hatujagombana.

Mama Wawili, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Sikucheki wala. Friji ndo chombo pekee jikoni kinachofanya kazi usiku na mchana hata mkiwa mmelala, kinakula umeme wa LUKU mwaka mzima, na ukishalijengea makabati kulihamisha ni kuvunja. Heri umeuliza mbao zikiwa bado nzima.

Nikupe jibu kwanza ndo nieleze. Liweke ukuta wa kulia, liwe kitu cha kwanza kabisa ukiingia kutokea dining, mgongo kwenye ukuta wa kulia na ubavu mmoja ukipakana na ule ukuta wenye mlango wa dining. Ikifuata kaunta kama mita moja, halafu jiko la gesi, halafu kaunta tena mpaka mwisho kule uani. Mtungi utoke nje. Yaani mpango wa fundi tunaugeuza kichwa chini, friji lije mbele jiko lirudi nyuma.

Sasa tuanze na fundi maana ndo ananitisha. Friji halitengenezi baridi, linachukua joto la ndani linalitupa nje. Zamani joto lilikuwa linatokea kwenye ile nyavu nyeusi mgongoni, mafriji mengi ya sa hivi hizo bomba zimefichwa ndani ya bati la pembeni, ndo maana ukiweka kiganja ubavuni mwa friji mchana unakuta pamoto na watu wanaogopa wanaita fundi. Sio ugonjwa, ndo linavyopumua. Sasa wewe ulibane kwa mbao kulia, kushoto na juu, halafu ubavuni uweke jiko la gesi linalochemsha maharage masaa mawili, hilo joto linatokea wapi? Linabaki humo humo, kompresa, ile mashine ya chini nyuma inayosukuma gesi ya friji, haipumziki, yuniti zinaondoka na bado soda haijapoa. Zile picha za friji limezama kwenye kabati nyingi ni mafriji yaliyotengenezwa maalumu kukaa ndani ya kabati, hewa inaingilia chini kwa mbele inatokea juu, la kwako siyo hilo. Kitabu cha friji lako kinaandika nafasi linayotaka, kitafute. Kama kimepotea, acha sm 5 nyuma, sm 5 pembeni, na juu sm 10 au zaidi, na ukitaka kabati la kuning'inia juu yake sawa weka, ila fundi asifunge mgongoni, aache upenyo hewa ya moto ipande itoke.

Na kuna kitu mafundi wa mbao wanakifanya nikiona nashika kichwa. Anataka ubao wa urembo ukae sawasawa, anachukua drili anapiga skrubu kwenye ubavu wa friji. Si nimekwambia bomba zimo humo humo ndani ya bati? Akitoboa gesi inatoka na friji limekufa, na mafriji mengi ya sasa yanatumia R600a ambayo ni gesi inayowaka, ni kidogo tu, ya nyumbani mara nyingi haifiki gramu 150, lakini hutaki ivujie mbele ya mtu aliyeshika drili. Mwambie mapema, friji haliguswi na skrubu hata moja.

La mtungi ndo silitaki kabisa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inashuka inatambaa sakafuni inajikusanya chini. Na friji kule chini nyuma kwenye kompresa kuna kifaa cha kuiwasha na kuizima, kikipokea umeme kinaweza kutoa cheche, huioni huisikii ila ipo. Mtungi kwenye kakabati kadogo kaliofungwa, friji ubavuni, usiku mmelala madirisha yamefungwa, hapana mdogo wangu. Toa mtungi nje uani chini ya kivuli, uwe na kizimba chenye matundu chini na kufuli kama unaogopa wezi, na aje fundi wa gesi siyo fundi wa makabati, apitishe bomba la shaba ukutani, ule mpira ubaki vipande vifupi tu huku na huku, maana mpira ukipita ndani ya ukuta hutajua umechanika lini. Ndo maana nikasema jiko la gesi liende kuelekea uani, bomba linakuwa fupi na moshi wa mafuta unatokea mlangoni badala ya kuja kwenye makochi. Ila lisikae kwenye usawa wa mlango kabisa upepo utakuzimia moto, ukiacha ile mita moja ya kaunta kabla ya ukuta linakuwa pazuri na unapata pa kuweka sufuria pande zote mbili.

Haya, baba watoto. Usimwone mkorofi. Friji kukaa sebuleni au dining lina historia yake kwetu, majiko yetu yalikuwa uani, ya kuni na mkaa, banda la bati na moshi na masizi, nani angepeleka friji kule? Lilikaa ndani kwenye usalama, lilikaa pa kuonekana maana lilikuwa kitu cha thamani, na mgeni akija fanta inatoka hapo hapo anaiona. Mpaka leo ukiingia nyumba nyingi za uswahilini unakuta friji lina kitambaa cha kudarizi juu na maua ya plastiki. Kwa hiyo hajasema uongo, anaongea kutokana na jiko la zamani. Lakini wewe jiko lako sasa ni la gesi, lipo ndani ya nyumba, lina tailizi.

Na hoja yake ya joto usiipuuze, ina ukweli nusu. Fungua friji uangalie ile stika ya mtengenezaji, kuna herufi pale watu hawazisomi. Ikiandikwa N maana yake limetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 mpaka 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Dar hii Desemba mpaka Machi nje tu panafika 32, sasa jikoni saa sita mchana mafiga yote yanawaka panapita hapo bila shida. La kwako likiwa T au ST muonyeshe hiyo stika kimya kimya bila kubishana, mwanaume ukimwonyesha kitu kimeandikwa analainika. Likiwa N ndo nafasi inazidi kuwa muhimu, liwe mbali na moto kadiri jiko lako linavyoruhusu, na hapo nilipokupa kuna zaidi ya mita moja na nusu kutoka katikati ya friji mpaka katikati ya jiko. Hilo kubwa la mwakani akienda kununua asome hiyo herufi kabla hajauliza bei.

Wazo lako la karibu na uani nimelielewa, mtu ametoka gengeni mikono inauma anataka atue. Ila hesabu vizuri, gengeni unaenda mara moja kwa siku, friji linafunguliwa mara ngapi? Na huo mlango wa uani ndo unaingiza vumbi, mvua ya upepo na joto la nje, vumbi likishika mgongo wa friji linakuwa blanketi. Halafu wanaotaka friji wengi wanatokea dining, watoto, mgeni, baba watoto mwenyewe akitaka maji, ukiliweka mwisho kule kila anayetaka maji anakata jiko zima, anapita nyuma yako umeshika sufuria la mafuta ya moto kwenye njia ya mita 1.3. Likikaa hapo mbele mtoto anaingia hatua mbili anachukua maji anatoka hajafika hata ulipo. Mizigo ya gengeni wewe iweke kwenye ile kaunta ya mwisho kule uani, si lazima kila kitu kiingie friji sekunde hiyo hiyo, na nyanya na vitunguu vingine wala havitaki friji.

Shoga yako naye kasema kushoto kwa sababu jua halifiki. Kweli halilipigi friji moja kwa moja, ila huo ni ukuta wa magharibi, unapigwa na jua kwa nje tangu saa nane. Nenda kaushike leo jioni kwa ndani, weka kiganja, utaniambia. Hutaki mgongo wa friji uegemee hapo. Upande wa kulia kwenye kona ya dining umesema jua linapiga zaidi kule uani, vizuri, ila jua linahama na msimu, kuna miezi litakuja kwa pembe nyingine lifike mpaka huku, kwa hiyo weka kipazia kifupi kwenye hilo dirisha cha kushusha saa kumi. Bei yake haifiki popote.

Kuna watu wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani miaka ya 1940 walikaa wakafanya hesabu za jiko, wakasema chora pembetatu kutoka friji kwenda sinki kwenda jiko, ukijumlisha pande zote isipungue kama mita 4 na isizidi 8, ikipungua mnabanana ikizidi mpishi anatembea bure. Ya kwako kwa mpango huu inakuja kama mita 5. Sasa hivi friji likiwa dining hiyo pembetatu imevuka pazia, ndo maana kitunguu kinaungua.

Sasa tuje kwenye mlango wa friji, hapa ndo watu wengi hawafikirii kabisa. Simama mbele ya friji lako uangalie bawaba ziko upande gani. Mengi yanakuja na bawaba mkono wa kulia, unavuta kwa kushoto. Kwa nafasi niliyokupa ukilitazama friji, kulia kwako kuna ule ukuta wa dining na kushoto kuna kaunta, kwa hiyo bawaba kulia ndo sahihi, ukifungua mlango unakaa upande wa dining na kaunta inabaki wazi mkononi mwako, unatoa bakuli la mboga unaligeuza tu kushoto linakaa. Ingekuwa kinyume ungetoa bakuli, ukazunguka mlango nalo mkononi, chupa ya mafuta kwapani. Kuna hasara yake ndogo, anayetokea dining atakutana na mgongo wa mlango akikuta umefungua, itabidi asubiri kidogo. Nimepima nikaona bora nimpe raha anayepika kuliko anayetaka maji. Ila kama unaona nyumbani kwako wanaofungua ni wengi kuliko wewe, mafriji mengi bawaba zinahamishika kwenda upande wa pili, kitabu kinaeleza.

Na usilibandike ukutani upande wa bawaba. Mlango ukifunguka nusu tu zile droo za mboga za chini hazitoki, zinagonga mlango, unaishia kuingiza mkono kwa ubavu kama unatafuta sarafu chini ya kochi. Acha sm 10 upande huo halafu jaribu, fungua mlango wote, vuta droo ya chini mpaka itoke kabisa. Bahati yako ule ukuta una sm 80 tu kabla ya mlango wa dining, na friji na nafasi yake ya nyuma linamaliza kama 70, kwa hiyo mlango una pa kwenda.

Jaribio hilo lifanye kabla ya Jumamosi na friji lenyewe. Kama tailizi za upande huo zimekauka, lisukumeni liingie lisimame hapo hapo, chota ndoo mbili za maji ziwe jiko la gesi, boksi liwe kaunta, halafu pika ugali wa uongo. Muite baba watoto aje achukue maji ya kunywa. Akiona ni hatua mbili kutoka kwenye kiti chake nadhani maneno yatapungua. Na ili wageni wasikose, hapo dining lilipokuwa friji weka kimeza na jagi kubwa au dispensa, wale watoto wa kufungua friji na kusimama watahamia huko.

Kuhusu lile kubwa. Hayo ya milango miwili ya kusimama upana wake ni kama sm 90, na mengi yanaingia ndani zaidi ya hilo lako, kwa hiyo kwenye jiko la mita 2.5 litatoka mbele ya kaunta na njia itapungua. Sijasema asinunue, hela yake. Ila apime kwanza pale litakapopita, mlango wa mbele na grili yake, koridoo, na ule wa dining, wakati mwingine friji linafika mlangoni linabaki kwenye boksi kibarazani wiki nzima watu wanajadiliana kung'oa fremu. Wewe mwambie fundi hivi, kabati la chini linalofuata friji alitengeneze peke yake, upana sm 40, lisiunganishwe na mengine, na kaunta topu ya juu yake iwe kipande chake chenye mkato. Siku likija kubwa mnachomoa hicho kipande linaingia, makabati mengine hayaguswi. Fundi atasema mkato utaharibu muonekano. Muonekano wa granaiti kupasuliwa na grainda ukiwa umeshahamia ni mbaya zaidi.

Mbao za karibu na friji na sinki asikuwekee MDF ya kawaida, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, jikoni mle kuna maji ya kudeki na friji linatoa unyevu chini, MDF ikinywa maji inavimba haishuki tena. Marine board, ile inayovumilia maji, ni ghali ila weka hata kwenye vile vya chini tu, vya juu ubane. Na usizibe chini ya friji kwa ubao wa urembo, mende wanapenda pale kwenye joto la kompresa kuliko mahali popote ndani ya nyumba, unataka ufagio upite.

Umeme uongee na fundi umeme sasa hivi kabla tailizi hazijapanda huo ukuta, ikishapanda ni kuchimba tena. Soketi ya friji isiwe nyuma ya friji, iwe pembeni juu ya kaunta kidogo unapoifikia bila kusukuma kitu, umeme ukirudi na nguvu za ajabu uweze kuzima haraka. Waya 2.5 mm², laini yake yenyewe isichangie na birika la umeme na maikrowevu, na hamna ekstensheni. Aangalie na ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ipo kweli, sio soketi ina tundu tatu halafu waya wa ethi umeishia ndani ya ukuta, jikoni mnatembea peku kwenye tailizi zenye maji. Friji gadi kama huna nunua, ile inayochelewesha dakika chache umeme ukirudi ili kompresa isishtuliwe.

Mambo madogo. Tailizi zipigwe mpaka chini ya friji, wasikwambie hapo hapaonekani waache zege, friji likikaa upande upande linatetemeka. Miguu ya mbele iinuliwe kidogo tu kuliko ya nyuma, mlango unajifunga wenyewe hata mtoto akiusahau. Wakati wanakata tailizi friji lifunikwe au litolewe humo kabisa, lile vumbi jeupe likiingia nyuma linaganda, wakimaliza lizime ulipigie brashi mgongoni. Na wakilibeba wasilaze, ikitokea wamelilaza lisimamishe masaa kadhaa kabla ya kuwasha.

Fundi Jumamosi akija asianze na msumeno. Mchukue na futi yake, mwambie apige alama za chaki sakafuni, kutoka ukuta wa dining sm 10, friji 60, sm 5, kaunta 100 ndani yake ile 40 ya kuchomoa, jiko 60, zinazobaki kaunta. Na lile kabati la mtungi mwambie limefutwa, zile mbao zake akutengenezee shelfu ya sinia na mikeka ya meza.